Dakika Hamsini Hadi Dushanbe

14 Novemba
Daftari la kituo cha hali ya hewa lina safu sita: upepo, baridi, theluji, mawingu, Dirisha, sahihi yangu. Nimelijaza miaka ishirini na mbili, na hakuna safu ya kuandika kwamba mume wa dada yangu ananichosha. Kwa hiyo nimenunua hili, langu mwenyewe.

Leo daktari wa hapa Khorog amemaliza kumpima dada Shakarmo. Kilango kimoja cha moyo hakifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Kumbe ndiyo maana miguu imevimba na akipanda vidaraja vitatu anahema. Sharti apasuliwe, na wa kumpasua yuko mji mkuu, Dushanbe. "Mpelekeni mapema," daktari kasema, "kwa njia yoyote mtakayoipata."

Alasiri tukakaa kwake, sote tukiwa na mabakuli ya chai yetu ya maziwa na chumvi mbele yetu. Shemeji Palavonsho ameendesha gari njia ya Dushanbe miaka thelathini na mpaka leo huongea kama anashindana na injini.

"Kesho alfajiri tunaondoka!" akasema. "Godoro nyuma, mito miwili, blanketi. Namwendesha polepole, keshokutwa yuko hospitali."

"Utamuua," nikamwambia. "Kilomita mia tano na ishirini, saa kumi na sita, mashimo matupu. Hewani ni mia mbili na sabini tu. Dakika hamsini, shemeji! Hata chai haijapoa."

"Dakika hamsini baada ya kungoja siku ngapi?"

"Novemba hii? Anayeangalia mbingu ni mimi au wewe?"

Watu wakacheka, yeye akainamia bakuli lake. Dada alinitazama mimi, akamtazama mumewe, akasema, "Basi tumsikilize Odina." Nilitoka pale nimevimba kichwa, siwezi kukana.

15 Novemba
Dirisha wazi. Ndege mbili zimekwenda na kurudi. Nimemwandikisha dada kwenye orodha ya uwanjani: wa hamsini na moja. Ndege ina viti kumi na saba, kwa hiyo anaangukia ndege ya tatu kuanzia kesho. "Siku mbili," nikamwambia. "Zikizidi sana, tatu."

16 Novemba
Mawingu.

17 Novemba
Mawingu.

18 Novemba
Mawingu, na theluji nyepesi. Wasafiri wananiita Mama Mawingu. Leo mzee mmoja kapaza sauti kutoka chini ya kilima, "Mama Mawingu, fungua basi, mke wangu wa Dushanbe ataolewa na mwingine!" Nimecheka. Bado nacheka.

Niandike hapa jambo ambalo daftari la kazi halinihitaji nilieleze. Dirisha ni lile pengo kati ya vilele viwili, juu ya mji. Ndege hii ndogo haipandi juu ya milima. Hupita katikati yake, na rubani hupita kwa macho yake mwenyewe. Kila asubuhi saa moja napanda kwenye kibanda changu, naangalia pengo, napiga simu Dushanbe. Nikisema limefungwa, hawaji. Hakuna wa kuniuliza mara ya pili.

21 Novemba
Ndege moja. Dada sasa ni wa thelathini na nne.

22 Novemba
Mawingu. Palavonsho kapita na gari tupu. "Barabara kavu kabisa, shemeji," kasema, bila kuteremka. Nikamjibu kwamba na mimi najua kavu na maji. Ana kiburi yule mtu, na meno yake yote ni ya dhahabu, kwa hiyo kiburi kinang'aa.

27 Novemba
Leo kulipambazuka kweupe pe! Nikapiga simu hapo hapo. Ndege mbili. Dada ni wa mwisho katika ile ya pili, kiti cha kumi na saba.

Alikuja amevaa koti la arusi ya binti yake, na skafu nyekundu. Palavonsho alimshika mkono tangu garini mpaka kwenye ngazi ya ndege, kimya, jambo ambalo si la kawaida yake. Dada ameshakanyaga ngazi ya kwanza, mara mwanamke akaja mbio kutoka langoni, kambeba mtoto wa miaka miwili hivi, kafungwa vitambaa toka shingoni hadi kiunoni. Sufuria la maziwa ya moto limemwagikia kifuani. Mtoto hata halii tena.

Hapa kwetu hakuna sheria iliyoandikwa, lakini uwanja mzima unajua: mtoto mgonjwa hupanda, na wa mwisho kwenye orodha hushuka. Hakuna anayemwambia. Watu walitazama chini tu. Dada akarudisha mguu wake, akavua skafu, akamfunga nayo yule mtoto kichwani kwa ajili ya baridi.

"Pandeni, mama," akasema. "Mimi nina dada yangu hapa, kesho ananifungulia."

Nilikasirika, tena sana. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa kuacha sufuria ovyo, nikamkasirikia dada kwa wema wake. Ndege ilipopotea nikaona haya. Palavonsho alikuwa amesimama kando ya gari, analipiga tairi teke polepole, mara nyingi.

28 Novemba
Mawingu. Dada ni wa kwanza kwenye orodha. Kwa namba, hakuna aliye karibu na Dushanbe kuliko yeye.

30 Novemba
Mawingu.

2 Desemba
Theluji. Hata kilele cha kushoto sikioni.

3 Desemba
Theluji.

6 Desemba
Theluji. Nimempelekea dada mchuzi wa tambi. Amekula vijiko vitatu, akasema ameshiba. Hajawahi kushiba kwa vijiko vitatu tangu azaliwe.

9 Desemba
Maporomoko ya theluji yameziba barabara sehemu mbili. Palavonsho alikwenda mwenyewe kutazama, akarudi na sepetu garini na ndevu zimeganda. Nilingoja aniambie, "Si nilisema?" Hakusema. Aliuliza tu dada amelala vipi. Ningependa angesema.

13 Desemba
Mawingu.

16 Desemba
Mawingu. Siku ya kumi na tisa tangu ndege ya mwisho. Watu uwanjani wameacha utani. Wananiamkia tu na kunipisha njia.

18 Desemba
Leo nitaandika mengi, mkono ukubali usikubali.

Saa moja asubuhi mawingu yalikuwa yamepanda. Kilele cha kushoto chote kilionekana, na kile cha kulia nusu. Katikati ya pengo palikuwa na ukungu, si mzito, unasogea sogea. Dushanbe wakanipa mpaka saa tatu niwape jibu. Chini ya kilima watu kama ishirini wamesimama na mizigo yao, wote wameinua nyuso kunitazama mimi, hawatazami hata mlima.

Palavonsho akapanda kilima peke yake. Dada alikuwa garini, kaegemea mito.

"Shemeji, kilele cha kushoto nakiona."

"Cha kulia hukioni."

"Nakiona nusu."

"Nusu haipitishi ndege."

"Sema liko wazi. Rubani akija si ana macho? Akiona hapapitiki, atageuza."

"Na pakishambana asiweze kugeuza? Lile pengo lina upana gani, unajua? Kuna watu kumi na saba ndani, shemeji. Na mkeo."

Akavua kofia. Miaka thelathini namjua, sijawahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba. Nywele zimemwisha, sikujua.

"Jana alinishika mkono akaniuliza mimi ni nani," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijui ile kubwa aliiacha wapi. "Kwa dakika moja tu, halafu akakumbuka. Odina, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hajawahi. Nikaangalia tena. Niliangalia mpaka macho yakanitoka machozi kwa baridi. Ukungu ukasogea, ukarudi, ukasogea. Nilitaka kusema wazi. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Nikafikiria wale wengine kumi na sita, na yule rubani ambaye hunisalimia kwa simu kwa jina la mama yangu.

Saa tatu nikapiga simu nikasema, "Limefungwa."

Palavonsho akavaa kofia. "Haya," akasema, akashuka.

Saa saba mchana pengo likawa jeupe kama sahani iliyooshwa. Lote! Toka kilele hadi kilele, buluu tupu. Ndege haziruhusiwi kutoka Dushanbe baada ya saa sita kwa sababu ya upepo wa bondeni; najua sana, lakini nilipiga. Kijana wa zamu wa huko akasema, "Mama, si ulisema limefungwa? Rubani kaenda kwake." Nikamwambia ampigie nyumbani. Akasema, "Mama Odina, pole." Nikakata.

Nimejiuliza mchana kutwa kama nilikosea. Kwa nilichokiona saa tatu ile, sikukosea. Ningeulizwa tena kesho, kwa ukungu uleule, ningejibu vilevile. Kosa langu ni la tarehe kumi na nne Novemba. Ndiyo mara ya kwanza naliandika.

19 Desemba
Mawingu. Nilikwenda kwa dada. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yeye akaniwahi.

"Usije na uso huo hapa," akasema. "Nina mgonjwa mmoja ndani ya nyumba, anatosha."

"Dada, jana..."

"Jana ulifanya kazi yako. Ulitaka nikae mle na watu kumi na sita, tugonge mlima wote, halafu huko mbele niwaambie nini? Samahanini, mdogo wangu alinipenda?"

Tukacheka. Kucheka kukamchosha, akalala kidogo na mkono wangu mkononi mwake. Alipofumbua macho akasema, "Nikwambie kitu? Mimi ndege naiogopa, Odina. Tangu mwanzo naiogopa."

"Mbona hukusema?"

"Ulivyofurahi siku ile! Dakika hamsini, dakika hamsini, kama vile hizo dakika umezizaa wewe. Nikasema moyoni, mwache mtoto wa watu, kazi yake haisifiwi na mtu."

Nilimsugua miguu kwa mafuta ya kondoo mpaka ikapata joto. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki.

21 Desemba
Mawingu. Barabara imefunguliwa jioni.

22 Desemba
Wameondoka leo saa kumi na moja alfajiri. Palavonsho ametandika godoro na blanketi nne, mawe ya moto yamezungushiwa vitambaa miguuni. Mimi, aibu iliyoje, mpaka kwenye mlango wa gari nilisema, "Upepo umegeuka, labda kesho kutakuwa wazi." Palavonsho akaingia kwenye usukani. Dada ndiye aliyenijibu: "Kesho nitakuwa mbali, wewe mwanamke. Hebu nibusu."

Nilimbusu. Walikwenda polepole sana, nikaweza kutembea kando ya gari mpaka darajani.

Sikuweza kwenda nao. Nani angepanda kilimani?

23 Desemba
Dirisha wazi. Nilisema wazi. Ndege mbili.

Simu ya Palavonsho ilikuja saa tisa na nusu, kutoka Kalai-Khum, mji ulio katikati ya njia. Maporomoko mapya yaliwashika njiani jana tangu saa nane, wakapokewa na watu wasiowajua kijijini, wakaondoka tena leo asubuhi. Dada amefariki saa sita na robo, garini, kabla ya kufika Kalai-Khum. Palavonsho alisema hivyo, "saa sita na robo," halafu akasema, "Shemeji, upo?" Nikasema nipo.

24 Desemba
Wanarudi. Wazi. Ndege mbili.

25 Desemba
Tumemzika. Kulikuwa na jua kali juu ya theluji, watu wote wamekunja macho. Saa nne ndege ikapita juu ya makaburi na hakuna aliyeinua kichwa ila mimi.

Baada ya maziko shangazi Khushqadam, ambaye ulimi wake hauna kizuizi, akauliza mbele ya kila mtu, "Mwezi mzima na zaidi mlikuwa mnafanya nini? Mbona hamkumpeleka mapema?"

Palavonsho akajibu kabla sijapumua: "Ni yeye mwenyewe, shangazi. Shakarmo alitaka ndege. Nilimbembeleza, akakataa. Mnamjua alivyokuwa."

Wanawake wakatikisa vichwa, wakasema ndiyo, Shakarmo alikuwa na kichwa kigumu. Na mimi nikanyamaza. Nilimwacha dada yangu aliyelazwa saa ile ile ardhini anibebee kosa langu.

26 Desemba
Sikulala, sikula. Wazi. Ndege mbili.

27 Desemba
Siku ya tatu. Katika nyumba ya msiba moto hauwashwi mpaka siku hii. Majirani ndio wanaoleta vyakula. Leo wanaume walichinja kondoo, na binti yake Shakarmo akawasha jiko la mama yake. Nyumba ilijaa, watu wamekaa kuzunguka nguzo zote tano zinazobeba paa, mabakuli yanapita mkono hadi mkono.

Kabla ya chakula nilimkuta Palavonsho uani, anapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanila: "Niambie kweli. Barabara ilimtesa?"

Akaliweka shoka chini. "Hapana. Alilala karibu njia nzima. Siku ya pili asubuhi alikuwa mzuri hata, akaomba nimteremshie kioo kidogo anuse theluji. Halafu ndege ikapita juu yetu. Akasikia. Akaniambia, 'Hiyo ni ya Odina. Kafungua.' Akatabasamu. Nafikiri ndiyo lilikuwa neno lake la mwisho lenye maana."

Niliingia ndani nikiwa siyaoni mabakuli wala watu. Shangazi Khushqadam alikuwa anamweleza mgeni mmoja kutoka bonde la juu jinsi marehemu alivyokataa gari. Nikasimama. Sikujua nitasimama.

"Si kweli," nikasema. "Shakarmo hakukataa kitu. Palavonsho alitaka kumpeleka tarehe kumi na tano Novemba, barabara kavu, dada bado anatembea kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyesema wangoje. Nilimcheka mbele ya watu. Hata ndege yenyewe alikuwa anaiogopa, akanyamaza kwa ajili yangu."

Nilitaka mtu anitukane. Nilimtazama Palavonsho, aliyekuwa amesimama mlangoni na vumbi la kuni mikononi, nikasema, "Na wewe unajua. Kwa nini unanifichia?"

"Najua," akasema. "Humu wote wanajua, shemeji, nusu yao walikuwepo siku ile wakacheka pamoja nawe. Mimi nimeendesha barabara ile miaka thelathini, na nikakaa na gari langu uani siku thelathini na saba. Wewe ulisema tu. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kaa chini ule. Tangu juzi hujala."

Nikakaa. Shangazi Khushqadam ndiye aliyenisogezea nyama, akanikatia na mkate. Nilikula huku nalia, sikujali nani anaona.

3 Januari
Mawingu.

4 Januari
Mawingu. Palavonsho amerudi kazini.

7 Januari
Dirisha lilikuwa limefungwa saa moja. Nikateremka uwanjani kabla ya kupiga simu, kitu ambacho sijawahi kukifanya. Kulikuwa na mwanamume anaitwa Qimatsho, kambeba mama yake mgongoni kwa shuka. Mapafu yamejaa maji, daktari kawaambia Dushanbe.

"Mama Mawingu," akaniuliza, "leo itakuja?"

"Sijui," nikasema.

"Kesho je?"

"Baba, hata kesho sijui. Shemeji yangu anaondoka saa mbili kwa gari, godoro lipo nyuma. Usiningoje mimi."

Alisitasita. Aliniangalia, akaangalia mlima, akasema barabara itamchosha mama. Nikamwambia ndiyo, itamchosha sana. Nikachukua kifurushi cha bibi yule nikakipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari la Palavonsho, tukamlaza, Palavonsho akamfunika blanketi zilezile nne. Tulifunga mlango pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule.

Saa tatu kasoro robo pengo likafunguka, nikapiga simu, ndege ikaja ikaenda, na kiti kimoja kilikuwa kitupu. Nilikaa kibandani siku nzima nikiogopa kwamba bibi yule atafia njiani.

8 Januari
Wazi. Ndege mbili.

Palavonsho amepiga simu saa nne. Wamefika tangu jana usiku. Bibi wa watu yuko kitandani hospitali, wamemtoa maji, ameomba chai na amegombana na muuguzi kwa sababu haina chumvi. Nikamwambia, "Asante, shemeji." Yeye hakukata simu, na mimi sikukata.

Dada yangu naye angefika.